Mwimbaji Hatokei, na Bado Utacheza: Vidokezo 10 vya Kufaidi Albamu ya Fanki na Afrobeat

Umeletewa albamu. Aliyekuletea kaisifia mpaka povu likamtoka: fanki ya nguvu, Afrobeat ya nguvu, sikiliza utanishukuru! Ukabonyeza. Ngoma zikaingia, besi ikaingia, gita likaingia. Ukamngoja mwimbaji. Dakika ya pili, kimya. Dakika ya nne, kimya. Wimbo umekwisha na mtu hajafungua kinywa. Tulia, simu yako haina hitilafu. Hii ni albamu ya ala tupu, na huyo uliyekuwa ukimngoja hakualikwa.

Na kwa msomaji wetu wa Nyamityobora, au wewe mwenye mguu mmoja Mbarara na mwingine kambini Nakivale, hiyo ni habari njema. Huku kwetu Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi, Kisomali, Kiamhari na Runyankore hukutana kwenye foleni moja ya maji. Albamu isiyo na maneno haimuulizi mtu anatoka wapi. Inataka masikio tu, na hayo unayo. Najua una shughuli nyingi, kwa hiyo hatutazunguka. Twende!

1. Anzia kwenye sebene

Unadhani muziki wa ala tupu ni mgeni kwako? Hebu kumbuka arusi ya mwisho uliyohudhuria. Mwimbaji alipokuwa akimmwagia bibi harusi sifa, watu walikuwa wanakula. Sebene ilipoanza, gita la solo likapanda juu, sahani zikawekwa chini, na mama mkwe ndiye aliyekuwa wa kwanza uwanjani. Sasa niambie, alikuwa akicheza maneno gani?

Basi fanya hivi. Kabla ya kugusa albamu yako mpya, weka wimbo mmoja unaoupenda wa TPOK Jazz ya Franco au wa Zaïko Langa Langa, usogeze mbele mpaka pale waimbaji wanapowaachia wapiga magita. (Atalaku, yule mhamasishaji wa jukwaani, akianza kelele zake, mvumilie.) Sikiliza dakika mbili, halafu papo hapo bonyeza wimbo wa kwanza wa albamu. Masikio yatakuwa yamekwisha pata moto, na mguu hautauliza mwimbaji kaenda wapi.

2. Chukua moja, nyingine zitasubiri

Mtandaoni zimejaa, na ukianza kuonja kila moja kwa sekunde thelathini, utafika jioni hujasikiliza hata moja. Chagua albamu moja ya wiki. Ukitaka nyimbo fupi zenye matarumbeta ya kutisha kidogo, chukua The Budos Band ya mwaka 2005, kazi ya vijana wa Staten Island, New York. Ukitaka kitu laini cha jioni, Make the Road by Walking ya Menahan Street Band, 2008. Kijana wa hip hop nyumbani kwako atashtuka: matarumbeta ya wimbo uliobeba jina la albamu ndiyo aliyoyachukua Jay-Z kwenye "Roc Boys".

Ukitaka kumsikia fundi mwenyewe wa ngoma za Afrobeat, iko The Source ya Tony Allen, aliyoitoa mwaka 2017 akiwa na miaka 77. Naam, 77, na bado vijiti havikumponyoka.

Onyo dogo unapotafuta: andika Afrobeat, bila "s" mwishoni. Ukiongeza hiyo herufi utaletewa Wizkid na Burna Boy. Wazuri sana, ila wao wanaimba.

3. Pakulia mjini, sikilizia kambini

Mtandao wa Nakivale una siku zake. Kuna siku unapaa, kuna siku kigurudumu kinazunguka mpaka betri inakata tamaa. Usiuachie bahati yako. Ukiwa Mbarara, pale unapopata Wi-Fi au mtandao ulio imara, pakua albamu nzima kabla hujapanda gari.

Na usiichukue kwa njia ya video! Nani anahitaji kutazama picha ya jalada iliyosimama dakika arobaini? Sauti ya ubora wa kawaida, ile ya kilobiti 128 kwa sekunde, hula kama MB 1 kwa dakika. Albamu ya dakika 40 inakula MB 40 hivi, basi. Video ya muda huohuo itakula mara kadhaa ya hapo, na pesa ya bando itakwenda kwenye picha usiyoitazama.

Ukimaliza kupakua, zima data, kisha ujaribu kupiga wimbo mmoja hapohapo. Ukipiga, umefaulu. Usipopiga, afadhali ujue ukiwa bado stendi kuliko ukiwa umekwisha fika Juru, huko kambini.

4. Ipe besi mahali pa kukaa

Hapa ndipo wengi wanaikosea albamu nzuri kwa kosa lisilo lake. Uzi mnene wa gita la besi hutetemeka kama mara 41 kwa sekunde. Kispika cha simu, kile cha ukubwa wa ukucha, hakina kifua cha kusukuma hewa ya namna hiyo. Kwa hiyo unasikia visahani na gita jembamba, unasema muziki wenyewe mwepesi. Mwepesi wapi! Nusu yake haijatoka.

Una njia mbili. Ya kwanza ni hedifoni, hata zile za bei nafuu za dukani, mradi zikae sawasawa sikioni; zikilegea, besi ndiyo ya kwanza kukimbia. Ya pili ni spika ndogo ya Bluetooth, na hapa kuna ujanja wa bure kabisa: isogeze kwenye kona ya chumba, karibu na ukuta. Kuta mbili zikikutana huirudisha besi chumbani, nayo inanenepa bila wewe kuongeza sauti. Ikianza kunguruma kupita kiasi, ivute mbele kidogo.

Chumba kikilia mwangwi, tandaza blanketi au vuta pazia. Mvua ikianza juu ya mabati, usishindane nayo. Pumzika, unywe chai, utaendelea baadaye.

5. Itafute "moja"

Siri ya fanki ni hesabu ambayo hata mtoto wa chekechea anaiweza: moja, mbili, tatu, nne, halafu tena. James Brown aliijenga bendi yake juu ya hiyo "moja". Kila mtu afanye vituko vyake katikati, lakini pigo la kwanza likifika, wote wakutane. Ndiyo maana fanki inakutingisha kichwa hata kama uliapa hutatingisha.

Jaribu sasa hivi. Weka wimbo, hesabu kwa sauti, na gonga meza kwenye "moja" peke yake. Zile nyingine tatu zihesabu tu, usizigonge. Raundi chache za mwanzo utapotea. Kisha ghafla mkono wako na ngoma ya mguu vinashuka pamoja, na utacheka peke yako.

Kwenye Afrobeat mchezo ni mjanja zaidi, maana ngoma hupenda kuizunguka "moja" badala ya kuikanyaga. Ukipotea, mshike mpiga gita: yeye hurudia kitu kilekile tangu mwanzo hadi mwisho, na atakurudisha njiani.

6. Mfuate mmoja, wengine uwaache

Bendi ya Afrobeat inaweza kuwa na watu kumi au zaidi, na wote wanazungumza kwa wakati mmoja. Ukijaribu kuwasikia wote, hutamsikia hata mmoja. Chagua mmoja kila unaposikiliza.

Siku ya kwanza mchukue mpiga ngoma. Tony Allen alijulikana kwa jambo hili: mikono miwili, miguu miwili, na kila kiungo na shughuli yake. Visahani vinakwenda njia yao, ngoma ndogo inatupia neno pale usipotegemea, ngoma ya mguu inajibu kwa wakati wake. Unasikia watu watatu, kumbe ni mmoja ameketi.

Siku ya pili, besi. Sikiliza mahali inaponyamaza. Mapengo hayo yamepangwa. Siku ya tatu, gita la kusindikiza: mpigaji anaegemeza kiganja kwenye nyuzi ili zisilie kwa muda mrefu, ndiyo maana linatoa ule mlio mfupi, mkavu, wa kukatakata. Dakika saba, mchoro uleule, na hachoki. Siku ya nne, tumba, vijiti na kayamba. Siku ya tano, wapulizaji: tarumbeta juu, na chini kabisa saksofoni ile kubwa, baritoni, inayokoroma.

Siku ya sita wasikilize wote pamoja. Utashangaa ni muziki uleule ambao wewe ulikuwa ukisema "unajirudia tu".

7. Wimbo mrefu upe kazi ndefu

"Dakika kumi na mbili kwa wimbo mmoja? Nina watoto mimi!" Nimekusikia, mama. Lakini urefu huo haukuja kwa bahati mbaya. Fela Kuti alizoea kuupa wimbo mmoja upande mzima wa santuri. "Zombie", aliyoirekodi na bendi yake, Afrika 70, mwaka 1976, inapita dakika kumi na mbili, na sauti yake mwenyewe haiingii mpaka vyombo vimekwisha tandaza mkeka. Yaani hata unapomsikiliza Fela mwenye maneno mengi, dakika nyingi unazisikiliza ala tupu.

Kwa hiyo usitafute muda wa kukaa na kusikiliza, maana hutaupata. Funga wimbo kwenye kazi. Kumenya matoke ya familia: wimbo mmoja mrefu. Kufua: nyimbo mbili. Kuchambua maharage: upande mzima, na huenda ukamaliza mapema kwa sababu mikono inafuata mwendo. Bandu bandu huisha gogo, na kufikia Ijumaa albamu nzima imeingia kichwani bila kukuibia hata nusu saa.

Jambo moja la kuzingatia: zima ile alama ya mishale miwili inayopishana, inayochanganya nyimbo. Bendi ilipanga nyimbo kwa zamu, ya moto kisha ya kupumulia. Waachie upangaji wao.

8. Muulize mzee kuhusu 1974

Hiki ni kidokezo kitamu kuliko vyote, na hakili hata MB moja. Muziki huu una mizizi karibu kuliko unavyodhani. Septemba 1974 Kinshasa ilipokea tamasha la siku tatu, Zaire 74, lililoandaliwa kusindikiza pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, pambano likasogezwa hadi 30 Oktoba, lakini muziki haukungoja. James Brown alipanda jukwaani na bendi yake. B.B. King alikuwapo, Miriam Makeba alikuwapo, na wenyeji Franco na Tabu Ley hawakukubali kufunikwa nyumbani kwao.

Kabla ya hapo, mwanzoni mwa miaka ya 1960, Manu Dibango wa Kamerun aliishi Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, na kupuliza saksofoni katika African Jazz ya Joseph Kabasele. Miaka kumi baadaye, mwaka 1972, akatoa "Soul Makossa", na klabu za New York zikachanganyikiwa. Huko Lagos nako, Fela aliyerudi kutoka safari yake ya Marekani ya 1969 alikuwa anachanganya fanki, jazi, highlife na midundo ya Kiyoruba pamoja na Tony Allen. Muziki ulikuwa ukivuka bahari kwenda na kurudi, na Kongo ilikuwa njiani.

Sasa mtafute mzee mmoja wa Kikongo hapo mtaani, mpe shikamoo yake na kikombe cha chai, kisha umuulize: "Mzee, James Brown alipokuja Kinshasa, nyie mlikuwa mnasikiliza nini?" Mpigie wimbo mmoja wa albamu yako baada ya hapo. Kama hatakuambia kwamba vijana wa siku hizi hamjui muziki, nitakuwa nimekosea sana.

9. Waite majirani, ila usiwafukuze usingizi

Kizuri kula na mwenzio, na albamu ya ala tupu ni rahisi kugawana kuliko ugali. Hakuna atakayekaa pembeni akiuliza "wamesema nini?" Mrundi, Msomali, Mnyankole na Mkongo wanaanzia mstari mmoja.

Ukiwa na jirani kutoka Ethiopia, mpe zamu ya kuchagua. Mwambie akuwekee Mulatu Astatke, aliyechanganya ngazi za sauti za Kiethiopia na jazi na fanki. Ziko kazi zake zilizokusanywa kwenye Éthiopiques 4 ya mwaka 1998, karibu zote ala tupu, za miaka ya 1969 hadi 1974. Baadhi ya nyimbo hizo zilisikika dunia nzima kupitia filamu ya Broken Flowers ya mwaka 2005. Wewe mpe sebene, yeye akupe Mulatu, na hakuna anayedaiwa.

Watoto je? Wapangie mchezo wa "nani kaingia?" Wimbo unaanza, na wa kwanza kutambua chombo kipya kinapoingia anapata pointi. Wakizoea, kila mmoja achukue chombo chake: jerikeni tupu ni tumba, mchele kidogo ndani ya chupa ni kayamba, mdomo ni tarumbeta. Na kama mtaani kwenu kuna kijana anayepiga ngoma au kinanda kanisani, mwalike. Atakaa akikunja uso kwa wimbo mzima, kisha Jumapili utasikia kwaya imepata besi mpya.

Ila kumbuka kuta zetu ni nyembamba, na ngoma ikivuma sana haikawii kupasuka. Kipimo rahisi: simama nje ya mlango uliofungwa. Ukiweza kuhesabu "moja" ukiwa nje, na jirani anahesabu pia, saa tano usiku, bila kupenda. Punguza.

10. Zipe nyimbo majina yako

Nyimbo za ala tupu zina tatizo moja la kuchekesha: hazikumbukiki kwa majina. Hakuna kiitikio cha kukushikia. Unataka kumwambia rafiki "sikiliza ule wimbo", ule upi? "Ule wa paa-paa-ra-paa." Haya.

Dawa yake ni daftari, au ukurasa wa maandishi kwenye simu. Kila wimbo ukiisha, upe jina lako mwenyewe kulingana na ulichokiona kichwani. "Boda Imekosa Breki". "Mwenye Nyumba Anabisha Hodi". "Ng'ombe wa Pembe Ndefu Wavuka Rwizi". Ongeza neno moja kuhusu chombo kilichokushika: besi, kinanda, saksofoni. Basi, sekunde kumi.

Faida yake utaiona wiki ya pili. Ukitazama orodha utajua ladha yako bila kuambiwa na mtu. Ukikuta umeandika saksofoni mara tano, nenda kwa Manu Dibango, au ubaki hapahapa Uganda na Afrigo Band, iliyoanza mwaka 1975 na saksofoni ya Moses Matovu ikiwa mbele. Wanaimba, ndiyo, lakini sikio lako sasa litajua kuvizia mpulizo unapoingia. Ukikuta ngoma mara tano, Tony Allen anakungoja. Ukikuta gita, rudi kwenye sebene zako za zamani kwa masikio mapya, na utasikia gita la pili ulilolipuuza miaka yote likifanya kazi yote.

Huhitaji kuvifuata vyote kumi leo. Chukua viwili tu: pakua albamu moja, na usogeze spika kwenye kona. Vingine vitafuata vyenyewe, kwa sababu muziki huu ukishakushika haukuachii kirahisi. Na aliyekuletea albamu akikuuliza umeionaje, mjibu kwa fahari kwamba wimbo wa tatu unaitwa "Boda Imekosa Breki", na kwamba yeye ndiye hakuusikiliza vizuri.